Mdai ana haki ya fedha zake, hana haki ya kumdhalilisha mdaiwa

SAA nne asubuhi ni saa ya mauzo Maili Moja, Kibaha. Wateja wamekwisha fika, mabasi yanashusha na kupakia, na mwenye meza ya mitumba, genge au banda la chakula anahesabu fedha ya kwanza ya siku. Ndiyo saa ambayo wakusanya madeni wa baadhi ya kampuni za mikopo hupenda kufika. Hawaichagui kwa bahati. Wanajua kwamba mfanyabiashara akitiwa aibu mbele ya wateja wake atatoa chochote kilichomo kwenye droo, hata kama ni fedha ya kununulia mzigo wa kesho.

Kwa mtu wa biashara, hasara kubwa zaidi ya jambo hili huwa si matusi yenyewe. Fedha iliyotolewa kwa hofu haifuati hesabu yoyote. Inatoka katika mtaji, na mara nyingi haina stakabadhi. Wiki mbili baadaye meza iko tupu, deni bado lipo, na mwenye meza anatafuta mkopo wa pili ili alipe ule wa kwanza.

Somo la wiki hii linahusu mipaka ya mdai na wajibu wa mdaiwa. Deni halali hulipwa, na hakuna sheria ya Tanzania inayomruhusu mtu kula fedha ya mwenzake. Lakini sheria hizo hizo zimeweka utaratibu wa kudai, na asiye na karatasi ya utaratibu huo hana nguvu ya kubeba hata kiti.

Nani anaruhusiwa kukopesha

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa wakopeshaji katika madaraja manne. Daraja la kwanza ni mabenki, yakiwemo ya huduma ndogo za fedha. Daraja la pili ni kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, na hapa ndipo ziliko kampuni nyingi zenye ofisi za chumba kimoja kandokando ya masoko, pamoja na wanaokopesha kwa simu. Daraja la tatu ni vyama vya akiba na mikopo, yaani SACCOS. Daraja la nne ni vikundi vya kijamii kama vikoba.

Kila daraja lina msimamizi. Daraja la pili husimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania, SACCOS husimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na vikundi huandikishwa kupitia halmashauri. Kukopesha kama biashara bila leseni ni kosa. Orodha ya wenye leseni za daraja la pili hutolewa na Benki Kuu katika tovuti yake, na anayetaka mkopo anaweza kuitazama kabla hajatia saini.

Benki Kuu iliweka pia kikomo cha riba kwa daraja la pili, nacho ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Wafanyabiashara wengi wanaolipa mikopo ya "kausha damu" hawajawahi kusikia kiwango hicho.

Hesabu ya kausha damu

Tuchukue mfano wa mwenye meza ya nguo za mitumba anayekopa Sh. 500,000 kwa siku 30. Kabla ya kupewa fedha anakatwa Sh. 50,000 za fomu na kile kinachoitwa bima. Anashika mkononi Sh. 450,000. Marejesho ni Sh. 22,000 kila siku, ambayo kwa siku 30 ni Sh. 660,000.

Gharama ya fedha hiyo ni Sh. 210,000, yaani karibu asilimia 47 ya kile alichoshika mkononi, kwa mwezi mmoja. Riba ya asilimia 3.5 kwa mkopo wa Sh. 500,000 ingekuwa Sh. 17,500.

Sasa tutazame upande wa biashara yake. Tuseme faida yake ghafi ni asilimia 20, na anauza mzigo wote mara mbili kwa mwezi. Mzigo wa Sh. 450,000 utampa faida ya Sh. 90,000 kila mzunguko, au Sh. 180,000 kwa mwezi. Hajalipa ushuru, nauli wala chakula cha nyumbani, na tayari amepungukiwa Sh. 30,000 za kulipia gharama ya mkopo. Tena hesabu hii imempendelea, kwa sababu Sh. 22,000 zinatoka kuanzia siku ya kwanza, kwa hiyo mtaji wa Sh. 450,000 haukai mezani mwezi mzima.

Mfanyabiashara huyu hakushindwa kulipa kwa uvivu wala kwa ujanja. Hesabu yenyewe ilikuwa haiwezekani. Na hapo ndipo mkusanya madeni anapoingia.

Deni ni madai, si jinai

Tishio linalosikika zaidi ni hili: "Usipolipa leo utalala ndani." Mdaiwa anapaswa kujua kwamba kushindwa kulipa mkopo ni shauri la madai, na mahali pake ni mahakamani. Kwa mikopo midogo ya sokoni, mahali hapo kwa kawaida ni Mahakama ya Mwanzo. Polisi si wakala wa kukusanya madeni. Jambo hugeuka kuwa jinai pale tu panapokuwa na kosa jingine, kwa mfano mkopaji aliyetoa hati ya kughushi au aliyeweka rehani mali isiyo yake ili ajipatie fedha kwa udanganyifu.

Ni kweli kwamba sheria ina kifungo cha madai. Hata hivyo kifungo hicho hutolewa na mahakama peke yake, baada ya hukumu, na baada ya mdaiwa kuitwa ajieleze kwa nini asifungwe. Fedha za kujikimu za mfungwa huyo hutakiwa kutolewa na mdai mwenyewe, ndiyo maana wadai wengi hawafiki huko. Hakuna ofisa mikopo anayeweza kumfunga mtu kwa simu.

Aidha, mdai hakai na haki yake milele. Shauri linalotokana na mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6. Mdaiwa akikiri deni kwa maandishi au akilipa sehemu yake, hesabu ya miaka huanza upya. Kwa hiyo anayefuatwa kwa deni la miaka mingi iliyopita apate ushauri wa kisheria kwanza kabla ya kuandika au kulipa chochote.

Vitisho vya simu na majina ya watu wengine

Mikopo ya simu imeleta mbinu mpya ya unyanyasaji. Mkopaji anapofungua programu ya mkopo huombwa kuruhusu orodha ya majina yaliyomo katika simu yake. Siku akichelewa, ujumbe unatumwa kwa shemeji, mchungaji au imamu, mteja wake mkubwa, na hata msambazaji anayempa mali kauli, ukimtaja kuwa tapeli. Kwa mfanyabiashara jina ndilo dhamana yake. Msambazaji mmoja akisita kumpa mzigo, hasara inaweza kuzidi deni lenyewe.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu halali na zitumike kwa sababu hiyo tu. Tume inayoisimamia ilizinduliwa Aprili 2024, na mtu ambaye taarifa zake zimetumiwa vibaya anaweza kupeleka malalamiko huko. Haki hiyo ni ya mdaiwa, na ni ya shemeji pia, ambaye hakukopa wala hakumdhamini mtu.

Kabla ya hapo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilikwisha kulifanya kuwa kosa tendo la kumtumia mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumtisha, kumnyanyasa au kumsumbua kiakili. Adhabu yake ni faini isiyopungua Sh. milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote pamoja. Hapa ndipo mambo yanapogeuka: mdaiwa ana shauri la madai, lakini anayemtukana kwa ujumbe wa simu anajitafutia la jinai.

Mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wanaokopesha kwa njia ya kidijitali, unaogusa uwazi wa gharama, njia za kukusanya madeni na usiri wa mteja. Novemba mwaka huo ikatangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali, na kuwatahadharisha wananchi wasiyatumie.

Jirani zetu Kenya wamekwisha kuonyesha kwamba sheria za namna hii zinaweza kuuma. Septemba 2023, ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya nchi hiyo iliitoza kampuni ya mikopo ya simu ya Mulla Pride faini ya Sh. 2,975,000 za Kenya, kwa kutumia majina na namba za watu zilizopatikana kwa wengine katika kutuma ujumbe na simu za vitisho.

Nani anaweza kubeba mali

Somo hili linahitaji uangalifu, kwa sababu si kila anayebeba mali anavunja sheria. Yapo mambo matatu ya kutofautisha.

La kwanza ni mali iliyowekwa dhamana katika mkataba. Kama mkopaji alitia saini kwamba pikipiki au friji yenye namba fulani ni dhamana, mkataba unaweza kumpa mdai nguvu ya kuichukua na kuiuza. Lakini nguvu hiyo haivuki kile kilichoandikwa. Aliyeandikiwa friji hana haki na cherehani. Na kwa mali iliyokwisha kukabidhiwa kama rehani, Sheria ya Mikataba inamtaka mdai atoe taarifa ya muda wa kutosha kabla ya kuuza. Bei ikizidi deni, ziada hurudishwa kwa mwenye mali. Wengi wamepoteza vitu vya thamani kuliko deni bila kuuliza habari za ziada hiyo.

La pili ni mali inayokamatwa kwa amri ya mahakama. Hapa anayekuja ni dalali wa mahakama. Anapaswa kuwa na hati ya mahakama yenye namba ya shauri, na kitambulisho chake. Mdaiwa ana haki ya kuisoma hati hiyo na kuandika namba yake kabla ya kitu chochote kutoka mlangoni. Hata mahakama yenyewe haiwezi kuchukua kila kitu. Sheria ya Mwenendo wa Madai inakinga nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake, na vifaa vya kazi vya fundi. Inakinga pia nyumba anamoishi mdaiwa na familia yake, isipokuwa pale nyumba hiyo ilipowekwa rehani kwa deni lenyewe.

Nyumba au kiwanja kilichowekwa rehani kina utaratibu wake chini ya Sheria ya Ardhi. Mkopeshaji hutakiwa kutoa taarifa ya siku 60 akieleza kosa la mkopaji kabla ya kuchukua hatua, na rehani ya nyumba ya familia huhitaji ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Mke ambaye hakuridhia ana nafasi ya kusikilizwa mahakamani.

La tatu ni watu wanaokuja na gari bila mkataba wa dhamana na bila hati ya mahakama. Hawa hawana mamlaka. Kuingia ndani ya nyumba ya mtu bila ruhusa na kubeba vitu vyake ni jambo la kuripoti polisi siku hiyo hiyo. Ni busara mdaiwa amwite mwenyekiti wa mtaa na jirani mmoja wawe mashahidi, aandike orodha ya kila kilichobebwa, na asipigane.

Deni la kikundi

Akina mama wengi wa sokoni hukopa kwa vikundi, na kila mmoja humdhamini mwenzake. Mmoja akishindwa, ofisa mikopo haondoki kikaoni mpaka fedha itimie, na wenzake huenda nyumbani kwake kuchukua godoro na televisheni. Urafiki wa miaka mingi huvunjika kwa Sh. 30,000.

Mdhamini aliyemlipia mwenzake ana haki kamili ya kumdai fedha hiyo. Sheria inamweka katika nafasi ya mdai. Lakini haimpi nguvu zaidi ya zile za mdai, naye pia hawezi kukamata mali ya ndani bila mkataba au mahakama. Kikundi chenye busara huandika mapema katika katiba yake nini kitafanyika mwenzao akiugua, akifiwa au akiunguliwa na banda, na huweka mfuko mdogo wa dharura kwa ajili hiyo.

Mdaiwa afanye nini

Kuzima simu na kufunga banda ni kosa la kwanza la wadaiwa. Mdai huona amekimbiwa, na siku shauri likifika mahakamani mdaiwa hana la kuonyesha. Hatua zifuatazo zinashauriwa.

1. Apige hesabu. Aandike alichopokea, alicholipa na tarehe zake. Stakabadhi na ujumbe wa malipo ya simu vitunzwe. Fedha isitolewe bila stakabadhi, hata kwa ofisa anayefahamika.

2. Ajue uwezo wake. Kama meza inaingiza faida halisi ya Sh. 12,000 kwa siku, na nyumbani zinahitajika Sh. 5,000, zinabaki Sh. 7,000. Kwa siku sita za kazi ni Sh. 42,000. Ahadi ya Sh. 40,000 kwa wiki inatekelezeka, bali ahadi ya Sh. 22,000 kwa siku ni ya kuvunjwa.

3. Aandike barua, abaki na nakala iliyogongwa muhuri au kusainiwa kwamba imepokelewa. Barua inaweza kuwa fupi kama hii:

YAH: MKOPO WA TAREHE ........
Nakiri kukopa Sh. 500,000. Hadi leo nimelipa Sh. 286,000 kwa stakabadhi zilizoambatanishwa. Naomba taarifa ya maandishi inayoonyesha salio, riba na faini, na jinsi kila kimoja kilivyokokotolewa. Ninaweza kulipa Sh. 40,000 kila Jumamosi kuanzia tarehe ........ mpaka tutakapokubaliana salio sahihi na kulimaliza. Naomba mawasiliano yote yaje kwangu mwenyewe wakati wa saa za kazi, na si kwa ndugu, majirani au wateja wangu.

4. Aanze kulipa kiasi alichoahidi bila kusubiri jibu, kwa njia inayoacha kumbukumbu.

5. Atunze ushahidi wa usumbufu. Ujumbe wa vitisho usifutwe. Ziara za dukani ziandikwe kwenye daftari: tarehe, saa, nani alikuja, alisema nini, nani alisikia.

6. Alalamike kwa ngazi. Kwanza ni kwa kampuni yenyewe kwa maandishi. Isiporidhisha, malalamiko hupelekwa katika dawati la malalamiko la Benki Kuu, ambayo kwa mtu wa Kibaha ofisi yake ya karibu ni Dar es Salaam. Ya SACCOS hupelekwa kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Vitisho na uvamizi hupelekwa polisi, na matumizi mabaya ya majina na namba hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Asiyemudu wakili anaweza kutafuta msaada wa bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Jambo jingine ni kadi ya benki. Mkopeshaji anayeshika kadi na namba ya siri ya mteja ameshika akaunti yake nzima. Namba hiyo ni ya mwenye akaunti peke yake, na mkopo unaoidai hauna sababu ya kuchukuliwa.

Hata mwenye duka ni mdai

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wako pande zote mbili. Anayedaiwa na kampuni ya mikopo anamdai mama lishe mchele wa wiki mbili, na anamdai muuza genge aliyechukua mali kauli. Mipaka iliyoelezwa hapo juu inamhusu naye pia. Orodha ya majina ya wadaiwa iliyobandikwa ukutani, au picha ya mdaiwa iliyotumwa katika kundi la simu la wafanyabiashara, inaweza kumgeuza mdai kuwa mshtakiwa.

Njia iliyo salama ni ya karatasi. Mali kauli iandikwe: bidhaa, bei, tarehe ya kulipa, saini za wawili na shahidi. Tarehe ikipita, itolewe barua ya madai yenye siku za kulipa. Ikishindikana, Mahakama ya Mwanzo husikiliza mashauri kwa Kiswahili na karatasi hiyo ndiyo ushahidi. Kampuni zenye leseni zina nyenzo nyingine halali, nayo ni kupeleka habari za mkopaji kwa taasisi za taarifa za mikopo. Mdaiwa anayepuuza deni akumbuke kwamba rekodi hiyo itamfuata siku atakapokwenda benki kuomba mkopo wa nyumba au wa gari la mzigo.

Kwa anayetafuta mtaji leo, swali la kwanza dirishani liwe leseni, la pili liwe jumla ya fedha itakayorudishwa, na la tatu liwe nakala ya mkataba ya kwenda nayo nyumbani usiku mmoja kabla ya kusaini. Wanawake, vijana na watu wenye ulemavu waulize pia halmashauri kuhusu mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Foleni yake ni ndefu na masharti ya kikundi yapo. Lakini mzigo ulionunuliwa kwa fedha hiyo unapouzwa, faida hubaki mezani.